Nyumba ya Mahoka ya Maposeni: Historia ya Mahali pa Tambiko la Nkosi wa Wangoni

Maposeni, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Songea iliyo jirani na Peramiho, ina nafasi ya pekee katika historia ya mkoa wa Ruvuma. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya Nkosi Mputa bin Gwezerapasi Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu aliyenyongwa na Serikali ya Kijerumani mjini Songea tarehe 27 Februari 1906. Hapo pia ndipo ilipokuwa nyumba ya mahoka, yaani nyumba ya tambiko ambamo Nkosi aliwaendea wahenga wa ukoo wake kwa niaba ya nchi nzima.

Miaka michache kabla ya kuzuka kwa Vita vya Majimaji, nyumba hiyo ilichomwa moto na mmisionari wa Kibenediktini. Jengo lenyewe lilikuwa la miti na nyasi, na thamani yake kwa fedha ilikuwa ndogo. Hata hivyo, wanahistoria waliokusanya simulizi za wazee wa Ungoni wanakitaja kitendo hicho miongoni mwa mambo yaliyomfanya Nkosi Mputa na watu wake waione vita kuwa ni haki yao.

Mahoka ni nani

Katika Kingoni, mahoka ni roho za waliotangulia: mababu na mabibi wa ukoo ambao wamefariki dunia lakini wanaaminika kuendelea kuwajali walio hai. Juu yao yuko Chapanga, Muumba, ambaye ukuu wake haukuhitaji nyumba ya kibinadamu. Mahoka walikuwa karibu zaidi. Walijua majina ya watoto, waliona ugomvi wa ndugu, na waliweza kukasirika waliposahauliwa. Ugonjwa usioeleweka, mvua iliyokawia au mfululizo wa vifo katika nyumba moja ulichukuliwa kuwa ishara kwamba kuna jambo la kurekebishwa kati ya walio hai na waliolala.

Neno hilo lina historia yake. Watangulizi wa Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika hawakuwaita wahenga wao mahoka. Neno hilo linapatikana kwa Wamatengo, Wapangwa na Wabena, na Wahehe wana neno la jamaa yake, masoka. Wangoni walilipokea kutoka kwa wenyeji waliowakuta, kama walivyopokea sehemu kubwa ya lugha yao ya leo. Kwa hiyo nyumba ya tambiko ya Nkosi ilikuwa ya ukoo uliotoka mbali, lakini jina lake lilikuwa la nchi. Mtu wa asili ya Kimatengo au Kindendeule aliyekuwa chini ya utawala wa Njelu hakuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Safari ya ukoo wa Gama

Wangoni wa Songea ni tunda la misukosuko iliyozikumba nchi za kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 19. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba Jele liliondoka huko, likavuka mto Zambezi mwaka 1835, likaendelea kaskazini hadi Ufipa. Zwangendaba alifariki huko Ufipa katika miaka ya 1840, na baada ya kifo chake wafuasi wake waligawanyika. Baadhi walirudi kusini hadi nchi ambayo leo ni Malawi, wengine walielekea kaskazini, na wengine wakashika njia ya mashariki hadi bonde la mto Ruvuma.

Walioelekea mashariki waliongozwa na Zulu Gama na Mbonani Tawete. Katika nchi ya Songea waliwakuta Wangoni wengine wa kundi la Maseko waliofika mapema zaidi, na baada ya mapigano kundi la Maseko lilivuka tena Ruvuma kurudi kusini. Ungoni ikabaki na tawala mbili: Njelu chini ya ukoo wa Gama, na Mshope chini ya ukoo wa Tawete.

Katika Njelu, baada ya Zulu Gama walifuata Hawai, Mharule, Mlamilo na hatimaye Mputa, aliyeshika utawala mwaka 1899. Jina la Mharule limebaki hadi leo katika kata ya Mbinga Mhalule. Mtawala aliitwa Nkosi, na chini yake walikuwapo manduna walioongoza vikosi na maeneo. Nduna maarufu kuliko wote ni Songea Mbano, ambaye jina lake limekuwa jina la mji na la wilaya.

Katika utaratibu huo, jeshi lilikuwa mikononi mwa manduna kwa kiasi kikubwa, na nduna mwenye watu wengi aliweza kuwa na nguvu za kivita kumpita Nkosi mwenyewe. Jambo ambalo nduna hakuweza kulichukua ni nafasi ya Nkosi mbele ya wahenga wa utawala. Nkosi ndiye aliyekuwa mtoto wao, na ndiye aliyeyajua majina yao kwa mfuatano. Nyumba ya mahoka, kwa maana hiyo, ilikuwa mhimili wa utawala wake.

Nyumba na tambiko lake

Nyumba ya mahoka ilijengwa kwa vifaa vilevile vilivyojenga nyumba za watu: miti, udongo na nyasi. Mgeni angeweza kupita kando yake asijue kwamba amepita mahali patakatifu. Wenyeji walijua. Heshima ya nyumba hiyo ilitokana na kazi iliyofanyika ndani yake, na kazi hiyo ilikuwa na ngazi zake.

Kila mkuu wa familia alitambika kwa ajili ya watu wake. Familia ilipopatwa na shida, aliita ndugu, akawataja waliotangulia kwa majina, akawaeleza shida iliyopo na kuwapa sehemu yao ya chakula na pombe ya nafaka. Baada ya hapo waliohudhuria walikula na kunywa pamoja. Sehemu hii ya mwisho haikuwa starehe tu. Ndugu wenye kinyongo walitakiwa wapatane kwanza, kwa kuwa tambiko la watu waliogombana halikutarajiwa kupokelewa.

Tambiko la Nkosi lilifuata kanuni hiyo hiyo kwa kiwango cha nchi. Wahenga wa ukoo wa Gama walikuwa wahenga wa utawala, hivyo ukame, maradhi ya kuenea, vita na kutawazwa kwa Nkosi mpya vilikuwa mambo ya kupelekwa kwao. Ng'ombe, mnyama mwenye hadhi ya juu kwa Wangoni, alikuwa kafara ya shughuli kubwa. Watu wa asili mbalimbali walioishi chini ya Njelu walishiriki faida ya tambiko hilo, kwa sababu mvua iliyoombwa ilinyesha katika mashamba ya wote.

Ni rahisi kuona kwa nini nyumba moja ya nyasi ilibeba uzito mkubwa hivyo. Ilikuwa mahali pa ibada, na papo hapo ilikuwa hati ya umiliki wa nchi, daftari la majina ya ukoo na baraza la upatanisho. Yeyote aliyeigusa aligusa mambo hayo yote kwa mara moja.

Majirani wapya wa Peramiho

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Songea na kuwalazimisha watawala wa Wangoni kukubali mamlaka yao. Safari za vita zilipigwa marufuku, kodi ikaanza kutozwa, na watu wakatakiwa kutoa nguvu kazi. Nkosi na manduna waliachwa na vyeo vyao huku uwezo wao ukipunguzwa mwaka hadi mwaka.

Mwaka mmoja baadaye, 1898, wamisionari wa Kibenediktini walifungua misheni Peramiho, umbali wa kilomita 24 hivi kutoka mjini Songea. Padri Cassian Spiss, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu mwenye makao yake Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1899 ilifunguliwa misheni nyingine Kigonsera. Peramiho ilikuwa jirani kabisa na makao ya Nkosi, na ujirani huo haukuwa jambo dogo. Wamisionari walifungua shule, walitibu wagonjwa na walihitaji watoto wa kufundisha. Nkosi alihitaji kubaki Nkosi.

Hali ya Mputa ilikuwa ngumu. Alirithi utawala miaka miwili tu baada ya Wajerumani kujenga boma. Hakuwa na ruhusa ya kupeleka jeshi vitani, hivyo hakuwa na mateka wala mifugo ya kuwagawia wafuasi kama walivyofanya waliomtangulia. Mamlaka yake ya kuhukumu ilibanwa na boma. Kilichobaki mikononi mwake bila kugawanywa na Mjerumani ni tambiko.

Moto wa Maposeni

Padri Franziskus Leuthner, aliyeongoza misheni ya Peramiho katika miaka hiyo, aliiona nyumba ya mahoka kuwa kizuizi cha kazi yake. Kwa mtazamo wa wamisionari wengi wa zama hizo, heshima waliyopewa wahenga ilikuwa ibada ya sanamu, na mahali pa tambiko palikuwa ngome ya kubomolewa ili imani mpya iingie. Padri huyo aliichoma moto nyumba hiyo.

Nkosi Mputa hakuwa na mahali pa kushtaki. Serikali ya boma ilikuwa ya taifa moja na wamisionari, na mtu ambaye zamani angelipiza kwa mkuki sasa alitakiwa kunyamaza. Simulizi zilizokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mradi wa utafiti wa Vita vya Majimaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zinaonyesha kwamba wazee wa Ungoni bado walikuwa wakilikumbuka tukio hilo zaidi ya miaka 60 baadaye. Matokeo ya utafiti huo kwa upande wa Ungoni yalichapishwa mwaka 1969 na O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, nao waliliweka tukio la nyumba ya mahoka katika orodha ya malalamiko yaliyochochea vita.

Malalamiko mengine yalikuwapo: kodi, kazi za lazima, adhabu za viboko, na hasira ya manduna waliopoteza hadhi yao. Hayo yaliwagusa watu kwa viwango tofauti. Kuchomwa kwa nyumba ya tambiko kulimgusa Nkosi moja kwa moja, tena mbele ya watu aliotakiwa kuwaombea.

Maji yanafika Ungoni

Vita vya Majimaji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi. Dawa ya maji, iliyohubiriwa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru waliokunywa au kunyunyiziwa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini wajumbe wa maji walikuwa wamekwisha kusambaa. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Spiss aliuawa pamoja na watawa wanne huko Mikukuyumbu, karibu na Liwale.

Ungoni ilipokea maji kupitia mjumbe aliyeitwa Kinjala, ambaye alifika kwanza kwa Nkosi Chabruma wa Mshope. Nkosi Mputa wa Njelu naye aliyapokea. Kwa mtawala ambaye nyumba ya wahenga wake ilikuwa imegeuzwa majivu, ujumbe wa maji ulikuwa na mvuto wa pekee: ulikuja kwa lugha ya dawa, miiko na nguvu za wahenga, lugha ambayo moto wa misheni ulikusudia kuinyamazisha.

Misheni ya Peramiho ilishambuliwa na kuteketezwa, na Padri Leuthner aliuawa mwaka huohuo wa 1905. Hivyo, katika muda wa miaka michache, eneo moja dogo lilishuhudia nyumba ya tambiko ikichomwa na kanisa likichomwa, kila upande ukiamini kwamba unatetea kilicho kitakatifu.

Silaha za Wajerumani ziliushinda ulinzi wa maji. Baada ya vikosi vya Wangoni kupata hasara kubwa katika mapigano ya mwishoni mwa mwaka 1905, jeshi la Kijerumani lilianza kuteketeza vijiji, maghala na mashamba. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo katika eneo zima la vita yanatofautiana, kuanzia 75,000 yaliyotajwa na Wajerumani hadi kati ya 250,000 na 300,000 yaliyotolewa na wanahistoria wa Tanzania.

Viongozi wa Ungoni walikamatwa na kuhukumiwa. Kabla ya kunyongwa, baadhi yao walikubali kubatizwa na mmisionari aliyewatembelea gerezani. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa alinyongwa pamoja na manduna na wazee wengine. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Nkosi Chabruma wa Mshope alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Baada ya majivu

Wamisionari walirudi Peramiho na kujenga upya. Watu walionusurika katika njaa walikuta misheni ikiwa na chakula, shule na zahanati, na idadi ya waliobatizwa ikaongezeka kwa kasi. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia yenye mamlaka ya jimbo, na leo kanisa lake kubwa, hospitali yake na shule zake vinajulikana nchini kote. Mwaka 1969 lilianzishwa Jimbo Katoliki la Songea, na askofu wake wa kwanza, James Komba, alikuwa mzalendo. Katika zama hizo Kanisa lenyewe, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, lilikuwa limefungua mlango wa kuzitazama mila za Kiafrika kwa heshima zaidi. Miongoni mwa waliohifadhi kwa maandishi historia ya Nkosi na manduna alikuwa mmisionari wa Peramiho, Padri Elzear Ebner, aliyeandika kitabu kuhusu historia ya Wangoni.

Kwa upande wa utawala, cheo cha uchifu kilifutwa kisheria nchini Tanganyika mwaka 1963. Nkosi hakuwa tena sehemu ya mfumo wa Serikali. Heshima ya kimila, hata hivyo, haikuhitaji sheria ili iendelee, na ukoo wa Gama umeendelea kutambulika miongoni mwa Wangoni.

Tambiko la hadhara lilipata sura mpya mjini Songea. Makumbusho ya Majimaji yalianzishwa mwaka 1980 katika eneo la makaburi ya mashujaa, na mwaka 2010 yakawa sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Hapo lipo kaburi la pamoja la mashujaa 66 na kaburi la peke yake la Nduna Songea Mbano. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, wananchi, wazee wa kimila, viongozi wa dini na wa Serikali hukusanyika kuwakumbuka. Majina hutajwa, na ngoma za jadi, ikiwamo lizombe, huchezwa. Anayefahamu kazi ya nyumba ya mahoka atautambua mpangilio huo: jamii imekusanyika, waliotangulia wametajwa kwa majina, na nchi imeombewa heri.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho hayo, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano na kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Suala la mabaki ya mashujaa yanayoelezwa kupelekwa Ujerumani, hususan fuvu la Nduna Songea Mbano, liliguswa katika ziara hiyo. Kwa wazao, shauku ya kurejeshewa mabaki hayo ina mantiki ileile ya mahoka: aliyetangulia hana budi kulala mahali ambapo watu wake wanaweza kumfikia.

Urithi usio na kuta za mawe

Mahali pa kuheshimu wahenga hupatikana katika mataifa mengi, na moto umepita katika mengi yake. Huko Qufu nchini China, Hekalu la Confucius lilianza mwaka 478 kabla ya Kristo, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Liliungua vibaya mwaka 1499 na tena mwaka 1724, na kila mara lilijengwa upya. Makaburi ya ukoo wake yapo karibu, na eneo lote liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Karibu zaidi, Uganda ina makaburi ya Makabaka ya Kasubi, yenye jengo kuu la miti na nyasi lililojengwa mwaka 1882. Liliteketea tarehe 16 Machi 2010. Baganda na Serikali ya Uganda walilijenga tena kwa ufundi wa asili, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mifano hiyo inafundisha kwamba nyasi na miti si udhaifu. Jengo la nyasi huezekwa upya kila baada ya muda, na linadumu kadiri wanavyodumu watu wanaojua namna ya kuliezeka na sababu ya kufanya hivyo. Nyumba ya Maposeni ilipoungua, mlezi wake alinyongwa kabla ya miaka mingi kupita, pamoja na wazee ambao wangeweza kufundisha utaratibu wake. Hasara kubwa zaidi ilikuwa ya maarifa.

Tanzania ina nyenzo za kulinda kilichobaki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inatoa nafasi ya kutangaza na kuhifadhi maeneo ya kihistoria. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Tanzania ni mwanachama, unatambua mila, simulizi na matambiko kuwa urithi unaostahili kulindwa sawa na majengo. Kwa maeneo kama Maposeni, chombo cha pili kina uzito kuliko cha kwanza, kwa kuwa kitu cha kuhifadhi kimo vinywani mwa wazee zaidi ya kilivyo ardhini.

Kazi yenyewe haihitaji gharama kubwa. Majina ya wahenga wa ukoo wa Gama kwa mfuatano wake, mahali nyumba ilipokuwa, maneno yaliyotumika katika tambiko na miiko yake vinaweza kuandikwa na kurekodiwa kwa ridhaa ya wazee wa ukoo, na walimu wa shule za jirani wakapata cha kuwafundisha watoto kuhusu nchi wanayoikanyaga. Mgeni anayetoka Songea kwenda kulitazama kanisa la Peramiho hupita katika nchi ya Nkosi Mputa. Akielezwa habari za nyumba ya mahoka, ataelewa kwa nini makaburi ya mashujaa yaliyoko mjini yanahusiana na jengo dogo la nyasi lililosimama Maposeni zaidi ya karne moja iliyopita.